Kisanduku cha Saba Nilikipaka Kijani

Jumatano, alasiri. Upepo wa kiangazi unatoka ziwani na kupeperusha vumbi jekundu mpaka ndani ya bweni. Wenzangu wako uwanjani wanacheza mpira. Mimi nimesema naumwa tumbo, na si uongo sana.

Daftari, leo sina cha kujisifia. Kwa wiki tatu nimekujaza maringo: jinsi ninavyochora, jinsi Mwalimu anavyonisifu, jinsi picha zangu zitakavyogeuka sinema. Basi leo pokea hili. Mama yangu ameitwa barazani. Keshokutwa, Ijumaa, atasimama mbele ya mkungu, mkuu wa kijiji chetu cha Kaagya, kujibu kosa la kuchuma kahawa mbichi, na ushahidi ni picha niliyoichora mimi.

Hakuna ushahidi mwingine.

Nimejaribu tangu jana kumtafuta wa kumlaumu. Nimemlaumu Mwalimu, nimemlaumu bwana shamba, nimelilaumu hata gari la sinema ambalo halijafika. Kila nikimaliza mzunguko narudi kwenye mkono wangu wa kulia.

Jambo lenyewe lilianza vizuri, ndiyo maana linauma. Gari la sinema la serikali litakuja Bukoba mwezi ujao, na safari hii litakuja na mpiga picha. Litatengenezwa tangazo fupi la kahawa ya kwetu, la kuonyeshwa mbali huko kwa watu wanaoinunua, na mpango wa tangazo umeachiwa sisi wanafunzi. Bwana Hollis, anayetufundisha Kiingereza na kuchora, alitueleza kwamba utepe wa filamu hauchezewi. Huwezi kuwasha kamera ndipo ufikiri. Unafikiri kwanza kwa penseli.

Akatupa karatasi kubwa tukazigawa visanduku kumi na viwili. Kila kisanduku ni kitu kimoja ambacho kamera itakiona, na chini yake yanaandikwa maneno yatakayosemwa. Mwalimu alisema, ukifunika maneno kwa mkono na bado ukaifuata hadithi kwa macho tu, basi filamu ipo. Usipoweza, huna filamu, una karatasi iliyochafuliwa.

Mimi nilipewa kuchora. Maneno alipewa Projest, rafiki yangu wa Muleba, ambaye akikosa la kusema husema hata hilo kwamba amekosa la kusema.

Tulikwama siku ya kwanza. Tangazo lazima limalizikie kwa watu wanaokunywa kahawa na kufurahi, na katika darasa letu lote hakuna aliyewahi kunywa kahawa. Sisi tuliozaliwa chini ya mibuni! Kwetu kahawa hutafunwa. Mgeni akiingia, hata kabla hajauliza habari za watoto, anapewa akamwani, punje zilizochemshwa na majani ya kunukia zikakaushwa, anatia mdomoni mbili tatu na mazungumzo yanaanza. Kikombe tunakisikia tu.

Basi tukatembea mpaka Miembeni, kwenye duka la Bwana Jivraj, tukamweleza shida yetu. Alicheka mpaka akashika meza. Mkewe akatuletea vikombe viwili. Projest alipiga funda moja, macho yakamtoka kama aliyepewa kwinini, lakini adabu ya nyumbani kwao ni kubwa. Akasema, "Asante mama, ni tamu sana." Mama yule akafurahi, akamwongezea.

Nilimchora Projest na kikombe chake katika kisanduku cha kumi na mbili. Nilijitahidi kumfanya atabasamu. Bwana Hollis aliangalia, akaangalia tena, akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Huyu mtu anaumwa." Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba kichwani mpaka leo: "Novat, chora unachokijua."

Nilichokijua kilikuwa nyumbani.

Jumamosi ile nikaomba ruhusa, nikatembea mpaka Kaagya. Nilimkuta Mama kibanjani, shambani kwetu kati ya migomba, anachuma kahawa ya akamwani. Dada yangu anaposwa, wageni wa upande wa mwanamume wanatarajiwa, na huwezi kupokea wakwe kwa mkono mtupu. Tangu Tata, baba yangu, afariki Mama ndiye anayeangalia kila kitu pale, ndizi, mibuni, paa, sisi. Alikuwa kwenye ile mibuni iliyo karibu na kaburi la Tata, kwa sababu ndiyo inayotoa punje kubwa. Alikuwa anabonyeza kila tunda kwa kidole gumba kabla ya kulichuma. Anataka lililokomaa lakini halijaiva, kwani likishakuwa jekundu halifai kwa akamwani, linateleza na ladha yake inalala.

Nikakaa juu ya mgomba ulioanguka nikachora. Hakuniuliza nafanya nini. Nilichora mgongo wake ulivyopinda, kikapu, kidole gumba, na nyuma yake kaburi la Tata na mawe yake manne. Sijawahi kuchora kitu kwa raha kama ile. Penseli ilikuwa inajua njia.

Hicho ndicho kisanduku cha saba.

Sasa nikuambie upumbavu wangu, daftari, wewe ambaye huwezi kunicheka. Sheria naijua. Kila mtoto wa Kaagya anaijua kabla hajajua Baba Yetu: kahawa mbichi haichumwi, inaharibu jina la kahawa yote, na anayekamatwa nayo, kahawa yake haipokelewi kwenye mzani wa kuuzia msimu mzima. Naijua na ningeweza kuiandika ubaoni. Lakini kichwani mwangu sheria hiyo ni ya kahawa ya mzani. Hii ilikuwa ya wageni. Kila nyumba inayo, kuanzia kwa mkungu mpaka kwa katekista, na haijaanguka kutoka mbinguni. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akiita akamwani kosa. Ni kama kuita salamu kosa.

Na bado ningeweza kupona. Visanduku vyote vilikuwa vya penseli nyeusi, na filamu yenyewe haina rangi. Kahawa nyeusi kwenye karatasi nyeupe, nani angejua ni mbichi au mbivu?

Ila mimi nilikuwa na penseli za rangi. Mwalimu alinipa boksi zima kuwa zawadi, akasema nichague kisanduku kimoja nikipake rangi kwa ajili ya siku ya wageni, kivutie macho. Nikachagua cha saba. Nyekundu ilikuwepo, ndefu, haijachongwa. Niliishika, nikaiona ni uongo, nikairudisha. Nikachukua kijani. Na si hivyo tu. Kijani cha jani na kijani cha tunda si kimoja, kwa hiyo juu ya matunda nikapitisha njano kidogo, kwa wepesi, mpaka yakatengana na majani kama yanavyotengana shambani. Nilijipongeza. Nilimwita Projest aje aone.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi iliyopita. Picha zilitundikwa darasani, watu wakapita. Alikuja Mzungu wa kilimo, na bwana shamba wetu akiwa nyuma yake, Mhaya mwenzetu, mtu mpole anayejulikana kila kijiji. Wakasimama mbele ya kisanduku cha saba. Mzungu akasema kitu, bwana shamba akanigeukia.

"Kijana, hapa ni wapi?"

"Ni kwetu, bwana. Kaagya. Na huyo ni mama yangu."

"Na hizo anazochuma ni mbichi?"

"Ndiyo, bwana. Za akamwani."

Nilijibu kwa sauti kubwa. Nilitaka Mzungu asikie kwamba nimechora kitu cha kweli. Akasikia. Akaandika.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mama yangu.

Jumatatu bwana shamba alifika nyumbani. Haya nimeyasikia kwa Mama mwenyewe, jana, na ameyasimulia bila chumvi. Hakukuta kahawa mbichi hata moja. Zote zilikwisha kuchemshwa na kukaushwa, na ikishakauka hakuna mtu awezaye kuapa ilichumwa ikiwa na rangi gani. Mama alimkaribisha, akampa kigoda, akamletea akamwani kwenye kikapu kidogo kama anavyopewa mgeni yeyote. Bwana shamba akachukua tatu. Akatia mdomoni, akatafuna, akashukuru.

Kisha akatoa karatasi akaandika jina la Mama.

Mama anasema alimwonea huruma yule bwana. Bwana shamba alimwambia hivi: "Mama, ungechorwa na mtoto wa mtu mwingine ningesema amekosea. Lakini ni mwanao, na bwana mkubwa amemsikia. Mimi nitafanyaje?"

Jana Mama alitoka Kaagya kabla ya jua, akafika hapa shuleni karibu na saa sita. Nilipomwona amesimama chini ya upenu, amevaa ule mgolole wake wa kanisani, miguu ina vumbi mpaka magotini, nilidhani amekuja kunilaani. Ningefurahi. Mtu akikulaani unajua umesimama wapi.

Hakunilaani. Aliuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Mwana wange, nionyeshe hiyo picha."

Nikaomba ruhusa kwa Mwalimu, nikamwingiza darasani. Mama hajawahi kuchorwa, hajawahi hata kupigwa picha. Akaisogelea karibu sana, kwa sababu macho yake ya mbali si mazuri, akakaa nayo muda mrefu mpaka nikaanza kuhesabu mbao za dari. Akaweka kidole kwenye yale mawe manne.

"Umemweka na Tata wako," alisema.

"Ndiyo, Mae."

"Umeichora vizuri. Ndivyo nilivyo."

Basi. Hakuniomba chochote, hakuniambia nikaseme hiki au kile, na hapo ndipo nilipokaa kwenye dawati la mtoto mwingine. Angenipiga kofi ningeshukuru.

Alitoa kifurushi cha jani kavu la mgomba, akanipa. Akamwani, ileile. "Mpe mwalimu wako. Yuko mbali na kwao." Akarudi Kaagya kwa miguu.

Nilimpelekea Bwana Hollis. Alikishika kifurushi kwa mikono miwili, akakinusa, akakiweka mezani karibu na vitabu. Uso wake ulikuwa umepauka. Alisema anasikitika, kwamba hakujua, na namwamini, angejuaje? Nami niliyezaliwa nayo sikujua. Lakini amekwisha kumwahidi Mzungu wa kilimo kwamba picha itapelekwa barazani Ijumaa, naye hawezi kuvunja ahadi. Kisha, kunifariji nadhani, akaniambia kuhusu barua. Ameandika barua kwa watu wa sinema huko Dar es Salaam, kwamba ana kijana mwenye jicho ambalo hajapata kuliona kwa mwanafunzi mwingine, na kwamba wakihitaji mchoraji wa kupanga filamu zao wamchukue kijana huyo atakapomaliza shule. Ataituma pamoja na picha zetu, gari likija.

Wiki iliyopita habari hiyo ingenifanya nikimbie mpaka Nyanga na kurudi. Jana nilisema asante bwana, nikarudi bwenini.

Mama akionekana ana kosa, kahawa yake itakataliwa mzanini msimu mzima, na sisi hatuna kingine. Mimi nitarudi nyumbani kwa kukosa karo, hilo si kitu. Wale wanaomposa dada yangu ni watu wa kujiheshimu, sijui kama watavuka kizingiti cha mwanamke aliyesimamishwa barazani. Na Mama atasimama pale peke yake, mbele ya wazee ambao kila mmoja atakuwa na akamwani shavuni. Baraza halianzi bila akamwani. Kikapu kitazungushwa kwanza, kila mtu atachukua, kisha watamuuliza mjane kwa nini alichuma kahawa mbichi. Hakuna atakayecheka. Watu wazima wanaweza kujizuia.

Leo mchana nilichukua kipande cha karatasi nikapaka kijani, kisha nyekundu juu yake. Ilitoka rangi ya tope. Nikajaribu kuifuta kwa mkate, karatasi ikachanika. Kwa hiyo hilo nalo limekufa.

Projest alikuwa ananiangalia kutoka kitandani kwake. Mwishowe akasema, "Nina mjomba Muleba hajui ndizi mbivu na mbichi mpaka aibonyeze."

Nikamuuliza ndizi zinahusiana nini na shida yangu.

"Macho yake hayatengi rangi. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja. Alizaliwa hivyo. Mke wake ndiye anayemchumia kahawa." Akanitazama. "Majani umeyapaka kijani, na matunda kijani. Mtu kama mjomba wangu angepaka hivyohivyo."

"Lakini nilisema kwa mdomo wangu ni mbichi."

"Ulisema ulichokiona. Na wewe huoni."

Nilimwambia ni mwendawazimu. Akasema sawa, akaenda mpirani. Tangu hapo nimekaa na maneno yake.

Nimeyageuza kila upande, daftari, na hayana tundu ila moja. Tundu ni ile njano. Mtu akisogea karibu sana, akaitazama picha kama Mama alivyoitazama, ataona kwamba aliyepaka rangi hizi alijua tofauti ya kijani na kijani. Naomba Mungu asiwepo mtu wa namna hiyo barazani. Ajabu, kwa maisha yangu yote nimeomba awepo mtu wa kuziangalia picha zangu kwa makini.

Najua gharama yake. Neno hilo, kwamba macho yangu hayatengi rangi, nikilisema mbele ya mkungu nitakuwa nimelisema mbele ya Mzungu wa kilimo na mbele ya Bwana Hollis, na siwezi kulisema Ijumaa tu. Itabidi niliseme Jumatatu, na mwakani, na mpaka nizeeke. Ile barua haitatumwa. Nani atamtuma Dar es Salaam mchoraji asiyejua rangi? Nitampa Projest visanduku vyangu, atafute mtu mwingine wa kuvimalizia. Mpiga picha atakapokuja, atapanda kilima na kijana mwingine wa kumwonyesha mahali pa kusimika kamera.

Na Bwana Hollis atajua ni uongo. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanganya njano na kijani. Sijui atafanya nini. Labda atanyamaza, kwa ajili ya kile kifurushi kilichoko mezani kwake. Labda hatanyamaza. Na Jumamosi kuna maungamo, nitampelekea padri dhambi ambayo siwezi kuahidi kuiacha.

Mama naye atajua. Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote. Aliniambia ndivyo nilivyo, nami nitasimama mbele ya watu niseme sivyo alivyo.

Nasikia kipenga, mpira umekwisha, wanarudi. Niandike haraka.

Nimezipanga penseli juu ya blanketi. Nimefanya mazoezi tangu saa tisa. Najiambia, chukua nyekundu, na mkono unakwenda kwenye nyekundu wenyewe, kabla sijaufikiria. Nimejaribu nikiwa nimefumba macho, nimejaribu kwa mkono wa kushoto. Mara moja tu nimefaulu, na nilisikia aibu kama niliyeiba.

Sina budi kuufundisha mkono huu mpaka Ijumaa. Kwa sababu wataniuliza, nawajua wale wazee, hawaamini maneno matupu. Wataleta boksi langu, watazitandaza penseli mbele ya Mama, waniambie: kijana, tupe nyekundu.

Nami nitanyoosha mkono, nichukue kijani.